Ukuta wa Pili

Dari la karavani, kijumba chetu cha kuvutwa na gari, lilishuka upana wa kidole, likatulia, kisha likashuka tena, polepole, kama mtu mzima anayetafuta kiti gizani. Verlin, mume wangu, hakuliona. Alikuwa amepiga magoti humo ndani, mgongo mlangoni, akibandua mbao za ukuta wa kulia. Ule wa kushoto alikuwa ameshaumaliza asubuhi.

Mimi niliona. Nilikuwa uani na jagi la chai ya barafu, pamoja na jirani yetu Trudy, aliyehamishia kiti chake cha kukunja kwenye nyasi zetu tangu Jumamosi, maana mtaa mzima wa Goshen haukuwa na tamasha jingine.

"Nadine, mumeo hajawahi kujenga hata banda la kuku."

"Amesomea."

"Wapi?"

"Kwenye simu."

Tukacheka.

Karavani hilo la mwaka 1961 alituuzia mzee mmoja, Hobart, wa kule mashambani. Verlin alipojilaza chini kukagua ekseli ya magurudumu, mzee alinishika kiwiko. "Bibie, hayo mabati ni ngozi tu. Paa linashikwa na mbao za ukutani. Mwambie abomoe upande mmoja, aujenge, ndipo aguse wa pili. Akivua zote, litamkalia." Nikaitikia kwa kichwa. Nikakaa na maneno hayo wiki tatu.

Karavani likipona, tungeondoka. Verlin amestaafu kiwandani, na hamu yake ni kuuza nyumba, tuzunguke nchi wawili tu, tulale majangwani kusikosikika hata mbwa wa jirani. Nami ni mtu ambaye jikoni kwake hapakauki wageni, ambaye anajua nani katoka kwa nani na saa ngapi. Nililitaka liporomoke. Katika mawazo yangu liliporomoka siku ya mvua, likiwa tupu, sisi tukiwa mezani tunakula. Sikuwahi kumtia mtu ndani yake.

Pao la katikati likalia.

"Verlin, toka."

"Ubao mmoja tu, Meya. Kawasimulie wapiga kura wako." Meya ndilo jina lake la kunitania, kwa kuwa najua habari za mtaa mzima.

"Toka sasa hivi."

Akaung'oa ubao. Kabati la jikoni, ambalo ubao huo ndio uliokuwa ukilishikilia, likamlalia mguuni, na paa likaja. Sikumbuki jagi lilikwenda wapi. Nakumbuka bega langu chini ya pao, vumbi la miaka sitini machoni, na Trudy kule nje, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Chomoa mguu," nikasema.

Akasukuma, akatukana, akauchomoa. Njia ya mlangoni ilikuwa wazi kwake. Hakuifuata. Nikamsikia nyuma yangu akikokota boriti, akiipima, akiisimamisha chini ya paa, akiigonga kwa nyundo. Sikuweza kugeuza shingo.

"Ulisema nitoke kabla halijaanguka," akasema. "Ulijuaje?"

Ningeweza kusema nililiona likishuka. Nalo lingekuwa kweli, nusu yake. Pao lilikuwa linanichimba nyamani, na uongo ulihitaji pumzi ambayo sikuwa nayo.

"Mzee Hobart aliniambia. Usivue kuta mbili kwa pamoja."

"Lini?"

"Siku tuliyolinunua."

Nyundo ikanyamaza. Nikahesabu pumzi zake: nne, tano. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa nimejisifu kwamba hakuna uso nisioweza kuusoma, na sasa uso pekee nilioutaka ulikuwa nyuma ya kisogo changu.

"Ulitaka linikalie?"

"Nilitaka tubaki nyumbani."

Nyundo ikagonga mara moja. Labda ilikuwa kabari inaingia. Labda ilikuwa imewekwa sakafuni tu.

"Achia," akasema.

"Boriti imekaza?"

Jasho lilinitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Verlin, nakuuliza. Imekaza?"

"Nimesema achia."

Sauti yake haikuwa ya hasira, wala haikuwa ya upole. Sikuwahi kuisikia hapo kabla. Nikafumba macho, nikakunja magoti, nikalishusha bega.