Mama wa Kwenye Simu

Msinione mkali bure. Mwanangu Yaqi nilimzaa hapa hapa Prato, Italia, nikampeleka kwa mama yangu Wenzhou, kwetu China, hata jino hajaota. Wengi wetu tunafanya hivyo. Karakana ya nguo haina pa kumlaza mtoto, na ukiamka kumbembeleza, kazi inalala. Tukawa tunaonana kwenye simu. Kila wakati wa chakula mama yangu aliisimamisha mbele ya bakuli la mtoto na kumwambia, "Msalimie mama."

Mwaka huu amefika umri wa shule, tukamrudisha. Tangu aje ananiita anti. "Asante, anti." "Nimeshiba, anti." Adabu tele, na kila mara roho inaniuma. Baba yake aliitwa anko, akacheka. Mimi sikuweza.

Shufen, ninayeshona naye, watoto wake pia walilelewa na bibi yao. Nilipomlilia alinikata kauli. "Shoga, mtoto hajakosea. Mama yake wa kwenye simu anamjua. Wewe ndiye hakujui."

Jana mchana Yaqi aligoma kula. Nilimpikia tambi za mchele, akalisukuma bakuli. Nikamkaripia. Hata hakulia, akaniomba kwa upole:

"Anti, naomba simu. Nataka kumpigia mama."

Nikamwekea simu ya baba yake mezani, nikateremka karakanani na yangu. Nikaketi kwenye cherehani chini ya taa, futi ya kupimia shingoni, pale pale alipozoea kuniona. Nikampigia kwa video.

Uso ukamchanua. "Mama! Umekula?"

"Bado. Na wewe?"

"Kuna anti hapa ananigombeza. Tambi zake si kama za bibi."

"Ni mbaya, huyo anti?"

Akafikiri. "Si mbaya." Kisha akashusha sauti. "Analia jikoni. Anadhani simwoni. Mama, njoo unichukue."

Miaka yote ile ya kushona, na sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani mtoto huyu anitambue. Na niliogopa pia. Vipi kama atamtaka yule wa kwenye simu tu?

"Nakuja," nikamwambia. "Usikate."

Nikapanda ngazi futi ikiwa bado shingoni. Juu nikamgeuzia kamera auone mlango wetu wa kijani. Nikasikia kiti chake kikisogea. Nikausukuma mlango.

Alinitazama, akaitazama simu, akanitazama tena. Hakunikimbilia. Akaigusa futi kwa kidole, akaivuta kidogo, kama anayejaribu kuona kama ni ya kweli. Halafu akailaza simu kifudifudi mezani na kulisogeza bakuli lake upande wangu.

"Umesema hujala," aliniambia.

Nikaketi, nikala zile tambi zilizopoa mpaka ya mwisho, naye akinitazama mdomo. Nilipomaliza aliuliza kama bibi naye anaweza kutoka kwenye simu na kuingia kwa mlango ule ule.