Mazoezi ya Jumamosi

Mume wangu Kuany alitaka tupite mtaa wa Gumbo kabla watu hawajaamka. Mimi ndiye niliyekataa. Kwetu Kisii huwezi kupita langoni kwa shemeji yako na mizigo ya safari halafu ujifanye hukuliona lango lenyewe.

"Tutamsalimu Mama Awut, tutakunywa chai, halafu twende," nilimwambia tukiwa bado nyumbani Buluk, nikifunga hema kwenye keria ya baiskeli yake. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Tulikuwa tunahama Juba. Mkataba wangu wa benki ulikuwa umekwisha, naye ni mwalimu, amekulia Eldoret, akasema hawezi kukosa shule ya kufundisha Kenya. Wenzetu hupanda basi au ndege. Sisi tukachagua baiskeli, kwa kuwa ndizo zilizotukutanisha, Jumapili moja baada ya ibada, nilipokatikiwa na mnyororo karibu na kanisa. Tungeendesha mchana tu. Siku ya kwanza tungelala Nesitu kwa rafiki yangu Cate, kisha Nimule, kisha Uganda, hadi kwa mama yangu Kisii. Watu walituona wehu. Mimi nilijiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote wa mji ule.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kutaka kuondoka, na siifichi. Mwaka uliopita kaka yake Kuany, Thon, alifariki akamwacha mkewe Adau na binti mmoja, Awut. Kwa Wadinka, ndugu wa marehemu huingia nyumba ya mjane na kumzalia marehemu watoto. Watoto hao huitwa wa yule aliyekufa, jina lake lisipotee. Sikuwa mgeni wa mambo hayo, hata nyanya yangu alirithiwa. Lakini wazee walipomwita Kuany nilimwambia wazi kwamba tulifunga ndoa kanisani na mimi sigawani mume na mtu. Alirudi kutoka kikaoni akasema, "Nimewakatalia." Nikalala fofofo siku hiyo.

Tulivuka daraja jua likichomoza. Nikampigia kengele kumchokoza, maana huwa ananijibu kwa yake. Hakujibu. Nikadhani ni usingizi.

Tulipofika Gumbo, Adau alikuwa akifagia uwanja wake. Awut alipotuona alikimbia moja kwa moja kwa Kuany, akamshika mkono na kumvuta nyuma ya nyumba.

"Kuja uone! Mvua imenyesha na haijaingia!"

Niliwafuata. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba kipya, mabati yake yaking'aa, mlango umepakwa rangi ya samawati. Rangi ile niliijua. Nilikuwa nimeisugua kwenye kaptula yake ya baiskeli ikakataa kutoka, naye akaniambia aliegemea geti lenye rangi mbichi njiani. Kila Jumamosi, mimi nikiwa benki, alikuwa akitoka na baiskeli kwenda kufanya mazoezi ya safari yetu.

Adau alikuja nyuma yangu, ufagio mkononi.

"Kerubo, dadangu, mnaenda wapi na mizigo yote hii?"

"Kenya. Tunahama."

Alimgeukia Kuany. "Si uliwaambia wazee utaingia hapa mwezi ujao? Kwani hujamwambia bibi yako?"

Kuany aliutazama mlango aliopaka mwenyewe. "Nilitaka kwenda na wewe, Kerubo," alisema. "Haki ya Mungu, nilitaka. Nilidhani nikishapita Gumbo itakuwa rahisi."

"Na hizo Jumamosi?"

"Jumamosi nilikuwa nataka kubaki."

Nilimtukana kwa Kikisii, matusi ambayo sikujua ninayo. Adau ndiye aliyenikatiza. Alisema twende, yeye atazungumza na wazee, na hataki mwanamume wa kuburutwa. Akageuka akaanza kufagia tena pale pale. Nilimchukia kwa kuwa mwema, maana ningepata nafuu kama angenipigia kelele.

"Umesikia?" nilimwambia Kuany. "Amekuachilia. Panda baiskeli twende."

Alienda kweli, akaishika. Kisha akasimama hapo, mguu mmoja juu ya pedali.

"Thon alinibeba begani tukikimbia vita," alisema. "Nikienda, hana mtu. Hana hata mtoto wa kiume wa kuitwa kwa jina lake."

"Na mimi nina nani?"

Aliinama akafungua hema kwenye baiskeli yake, akaja kulifunga kwenye yangu, fundo kwa fundo, akilivuta kuona kama limekaza. Akabonyeza tairi langu la nyuma kwa kidole gumba, akachukua pampu, akaanza kulijaza upepo. Maneno ningeyavumilia. Ile pampu ndiyo iliyonivunja moyo, kwa sababu alikuwa ananiandaa vizuri, kwa mapenzi, kama anavyofanya siku zote, ili niondoke bila yeye. Nililia mbele ya mtoto wa watu bila aibu.

Nyumba ya Buluk tulikuwa tumeirudisha kwa mwenyewe. Hata ningetaka kurudi, sikuwa na pa kurudi. Adau alinikumbatia, nami nikamwacha anikumbatie.

Kuany alipanda baiskeli yake akanifuata. Tuliendesha bega kwa bega kwenye barabara ya Nimule, kati ya malori na wauza makaa. Kila tulipopita kibanda nilingoja ageuze. Hakugeuza. Moyo wangu mpumbavu ukaanza kuhesabu hilo kuwa jibu, nikapunguza mwendo asichoke.

Kwenye kizuizi cha mwisho wa Gumbo askari alitazama baiskeli zetu mbili, akauliza kwa Kiarabu cha Juba kama tunasafiri pamoja. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka ajibu yeye.

"Hapana," Kuany alisema. "Msafiri ni huyu. Mimi namsindikiza tu."

Askari akashusha kamba, nikapita.