Kisigino cha Kuonja

Mama yangu ana miaka sabini na nane na bado anapanda kigoda kufuta vumbi juu ya kabati. Nimesema mpaka nimechoka. Shangazi alianguka bafuni mara moja tu, nyonga ikavunjika, hakutembea tena. Mama akikumbushwa hayo hujibu kwamba shangazi alikuwa mvivu.

Basi niliposikia zahanati ya mtaani imeletewa mashine ya kupima mifupa, ndogo, ya kubebeka kama sanduku la safari, tukakubaliana: mashine ikisema mifupa ni dhaifu, kigoda marufuku. Alikubali upesi mno. Ningejua ningejiandaa.

Nesi alimwomba avue kiatu na soksi, aweke kisigino ndani ya mashine. Mama akakumbatia mkoba wake.

"Mama, weka mguu."

"Atangulie huyu," akamwambia nesi, akinionyesha kwa kidevu. "Wanangu walipokuwa wadogo, dawa chungu nilikuwa naonja kwanza mimi ndiyo wao wanywe. Leo zamu yake."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na kazini nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa moja tu.

"Mama, unatutia aibu."

"Aibu gani? Onja."

Afadhali kubishana na jiwe. Nikavua kiatu kwa hasira, nesi akanipaka jeli ya baridi kisiginoni, akawasha mashine, akatazama kioo chake. Akafuta jeli, akapaka nyingine, akapima tena. Halafu akaniuliza hedhi ilikoma nikiwa na umri gani.

"Arobaini na moja," nikasema. "Lakini niliyemleta ni yule."

"Hedhi ikikoma mapema, mifupa hudhoofika. Yako inaonekana imepungua nguvu sana, dada. Hiki ni kipimo cha awali tu. Uende hospitali kubwa wakahakikishe."

Mama alikuwa keshavua soksi. Yeye alipimwa mara moja tu. Kwa umri wake, alisema nesi, mifupa mizuri kabisa.

Nilingoja anicheke. Hakucheka. Aliinama, akanifuta jeli kwa leso yake, akanivalisha kiatu, akaanza kufunga kamba. Akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Mimi nilikuwa nimeogopa tangu nesi aliporudia kupima. Sasa nikaona yeye ameogopa kunishinda.

Kwenye ngazi za kutokea akanipokonya mkoba wangu, akanishika kiwiko.

"Kigoda marufuku," akasema. "Si tulikubaliana?"