Njaa ya Mama Mkubwa

Kila asubuhi Mwaisha alipopanda mlima kwenda shambani, alisikia mtu akihema nyuma yake. Ilikuwa pumzi ya mama mnene anayepandisha kilima cha Bigwa kwenye jua la saa nne. Akisimama, nayo inasimama. Akigeuka, njia tupu, migomba na ukungu, basi. Na pumzi ile aliijua, maana alilelewa nayo: ya mama yake mkubwa, Chausiku, aliyezikwa mwaka ule gari la moshi la Wadachi lilipofika Morogoro.

Sasa ngoja nikueleze, usije ukaachwa njiani. Milimani kwao, mtu akifa jina lake halizikwi naye. Ukoo wa upande wa mama hukaa, humteua mmoja wao, humkalisha mkekani na kumpa jina la marehemu, na tangu siku hiyo yeye ndiye marehemu. Aliteuliwa Mwaisha. Ndipo mjomba wake Salehe, mzee na mvi zake, mdogo wa Chausiku tumbo moja, alipoanza kumwamkia binti yule, "Shikamoo, dada!" Na Mwaisha, macho chini kwa aibu, "Marahaba." Alichokula yeye, amekula Chausiku. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kula.

Wakamlisha, weee! Chausiku alikuwa mtu wa vitamu, ndizi mbivu zilizopondwa na sukari guru, na togwa ya kushushia. Mwaisha akanenepa hadi watu wakapiga vigelegele, "Chausiku karudi!" Kumbe amerudi na lake. Ikaja kiu, mtungi haukai na maji. Kidonda cha mguuni kikakataa kupona. Akienda haja ndogo, sisimizi wanajaa palepale. Mtawa wa misheni aliyegawa dawa akamwambia bila kumung'unya maneno: huu ni ugonjwa wa sukari, ndio uliomuua mama yako mkubwa, na dawa yake sina. Acha vitamu, punguza ugali na wali, kula mboga na maharage, panda mlima kila siku, mwili upungue.

Ukapungua. Kidonda kikafunga, kiu ikatulia, naye akamshukuru Mungu. Lakini lilipofika tambiko akaonja kidogo kwa heshima, kesho yake kidogo, keshokutwa nani anahesabu tena? Mwezi haukuisha, mwili umerudi wote na kidonda kimefumuka. Jamani, kupungua ni kazi, ila kubaki umepungua ndiyo kazi yenyewe. Akaanza upya kwa machozi, akaapa safari hii hadanganyiki.

Hapo ndipo pumzi ilipoanza kumfuata. Baadaye ikaongea. "Mwanangu, nina njaa. Unaninyima, mwanangu?" Mwaisha alimpenda yule mama kuliko nafsi yake. Alipanda huku analia, wala hakugeuka tena.

Mwaka uliofuata mvua zikachelewa. Watu wakamtazama mashavu yaliyoshuka, wakanong'ona kisimani: anamshindisha marehemu na njaa, huyo. Ukoo ukaitisha tambiko. Walikusanyika kaburini mchana kweupe, mkeka ukatandikwa, Mwaisha akakalishwa. Salehe akaja na bakuli la ndizi, sukari guru inang'aa juu yake.

"Shikamoo, dada. Kula."

"Nikila nitakufa, mjomba."

Wanawake wakaguna. Mjomba! Mbele ya kaburi!

"Mimi si mjomba wako," Salehe alisema. "Wewe ni dada yangu. Ukikataa leo, hawa watakuita mchawi, nami sitakuwa na mdomo wa kukutetea."

Pumzi ikamshukia Mwaisha shingoni, ya moto. Mate yakamjaa kinywani, na tusidanganyane, alikitaka kile chakula, alikitaka mno. Akalipokea bakuli. Akalifikisha midomoni. Harufu yake ikamrudisha chumbani kwa Chausiku siku za mwisho: miguu imefungwa matambara, Salehe ameinama kichwani pake, kula dada upate nguvu, na mgonjwa anatafuna macho kayafumba, ili tu asimvunje moyo mdogo wake.

Akaliweka bakuli chini.

"Alikuwa hataki," alisema. "Alikula kwa kukuonea huruma. Tulimlisha mpaka humu kaburini, mjomba, wewe na mimi."

Salehe akaangua kilio kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

"Sasa nani atamlisha dada yangu? Nani?"

Akapiga magoti, akalivuta bakuli kwa mikono miwili, akaanza kula. Alikula kwa matonge makubwa, machozi yakichuruzikia chakulani. Mwaisha akahisi shingo yake imepoa. Pumzi ilikuwa imemwacha. Akaisikia ikiuzunguka mkeka, polepole, hadi ikatua nyuma ya mgongo wa mzee.

"Mjomba, acha! Mjomba!"

Alimrukia, akamshika mkono, asiuweze. Salehe akaramba bakuli likabaki jeupe. Kisha akainua uso, kidevu kimelowa sukari, amejaa furaha ambayo hakuna aliyemwona nayo tangu mazishi.

"Niongezeeni," alisema. "Na maji mengi. Nina kiu."