Glavu za Barafu

Fundi cherehani alianza dripu za saratani ya matiti siku moja na mwalimu wa chekechea, mama mcheshi ambaye wodi nzima ilimwita Chiriku kwa vile mdomo wake haukupumzika. Viti vyao viligusana, wakazoeana upesi.

Nesi akawaeleza habari za utafiti. "Dawa hii huwatia watu ganzi vidoleni, na wengine haiwatoki tena. Tunataka kujua kama glavu za barafu zitaizuia. Nusu yenu mtavaa, nusu hamtavaa. Kompyuta ndiyo itakayochagua."

Fundi alikubali bila kusita. Vidole vyake ndivyo vilivyomlea binti yake peke yake. Kompyuta ikampa Chiriku glavu.

"Shoga, baridi hii inanitoa machozi," Chiriku alisema. "Vaa wewe. Mimi nashika chaki tu."

Fundi akanyoosha mikono. Nesi akasimama katikati yao.

"Mkibadilishana, mama, utafiti unaharibika. Ukitaka kujitoa, ruhusa, lakini glavu ni za utafiti."

"Na mikono yangu ikiharibika?"

"Bado hatujui kama zinasaidia. Ndiyo maana tunapima."

Akamvisha Chiriku tena.

Ganzi ilianzia kwenye ncha za vidole vya fundi ikapanda. Daktari alipunguza dozi, lakini alikuwa amechelewa. Vifungo vya blauzi yake mwenyewe vikamshinda. Uvimbe, hata hivyo, uliyeyuka, ndugu wakaja kumpongeza, naye akawachekea.

Binti akaposwa. Mama akasema gauni atalishona yeye, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Sindano ilimchoma asijue, mpaka alipoona damu kwenye kitambaa cheupe.

"Limependeza, mama," binti alisema. Siku ya harusi alivaa la dukani.

Miezi ikapita, wakaitwa kusikia majibu. Daktari alikuwa na furaha usoni.

"Glavu zimefanya kazi. Kuanzia sasa kila mgonjwa hapa atapewa. Mmewafaa wengi watakaokuja."

"Wenye bahati," fundi alisema. "Mimi nilikuwa nazo karibu, mkono ungezifikia."

Daktari akainamisha macho. Chiriku akauchukua mkono wa mwenzake akaubana kwa nguvu. Fundi alikuwa bado anamtazama daktari. Hakujua kwamba ameshikwa.