Yai la Edwin

Karatasi ya Bwana Leake ilisema mayai manane. Nilikaanga tisa.

"Enid, umekosea," Mavis akaniambia. Alikuwa akikata mkate pembeni yangu.

"Sijakosea."

Akaangalia kikaango, akaniangalia mimi, akarudi kwenye mkate wake. 

Hapa Haltoft, kila Jumapili ya pili ya Juni, wazee waliorusha ndege za mabomu kutoka uwanja wetu wakati wa vita hurudi kututembelea. Uwanja wenyewe siku hizi ni shamba la shayiri. Kwanza tunawapa kifungua kinywa ukumbini, kisha tunavuka barabara kwenda kanisani, na wale waliofariki tangu mwaka jana wanasomwa majina. Kila mzee huwekewa yai. Kila jina litakalosomwa nalo huwekewa sahani yake na yai lake, na hilo haliliwi. Wakati wa vita sisi wengine tulikula mayai ya unga wa kopo, lakini kijana aliyekuwa anakwenda kuruka alipewa yai la kweli. Ndiyo maana vijana hao walikuwa wakitaniana mezani: usiporudi, yai lako langu.

Mwaka ule wa 1988 waliokuja walikuwa watano, na majina yalikuwa matatu. Mume wangu Edwin Maltby alifariki Januari. Alikuwa mpiga bunduki wa mkiani, anayekaa peke yake nyuma kabisa ya ndege, akiitazama njia waliyotoka. Jina lake halikuwa kwenye karatasi.

Bwana Cuthbert Leake, mwenyekiti wa kamati, akaingia akihesabu sahani kwa kidole.

"Bi. Enid, moja imezidi."

"Haijazidi. Ni ya Edwin."

"Tulishalimaliza hili. Aliondolewa kikosini. Faili lake lina muhuri, na unajua muhuri gani."

"Woga. Litamke tu, Bwana Leake, halitakuunguza mdomo."

Akawa mwekundu mpaka shingoni. "Sikutaka kulisema mbele ya watu."

"Aliogopa, ndiyo. Aliogopa mara ishirini na nane, na mara zote akapanda. Mara ya ishirini na tisa akasema hawezi tena. Wewe uliogopa mara ngapi kule stoo?"

Mavis akadondosha kisu. Bwana Leake alipitisha vita akigawa mablanketi na viatu. Siidharau kazi hiyo, kuna mtu alipaswa kugawa viatu. Alfajiri nilikuwa nimemwomba Mungu auzuie ulimi wangu. Hakuuzuia, na sikumlaumu.

"Ondoa hiyo sahani," akasema.

"Iondoe mwenyewe."

Alinyoosha mkono, lakini basi la wazee likapiga honi nje, akaenda kuwapokea.

Nieleze kidogo kuhusu Edwin. Walimbandua beji ya bawa kifuani mbele ya wenzake, wakampa ufagio wa vyoo mpaka vita vikaisha. Usiku ule aliokataa, kiti chake kilikaliwa na Ronald Sculthorpe, umri miaka kumi na tisa, na ndege ilirudi Ronald akiwa amekufa. Jina lake liko kwenye jiwe la kumbukumbu nje ya kanisa. Kila Jumamosi, mvua au theluji, Edwin alikwenda na mswaki wa meno kulisafisha jina hilo moja. Mimi nilimshikia ndoo. Kwenye kifungua kinywa cha Juni hakukanyaga hata mara moja. Alisema hana haki. Miaka yote hiyo nilinyamaza kwa sababu yeye ndiye aliyetaka ninyamaze. Sasa amekufa, na mimi sikuahidi kuendelea.

Wazee wakaingia. Wa mwisho nilimtambua kwa masikio yake makubwa, maana picha ya wale saba wa ndege ya Edwin iko juu ya kabati langu la vyombo. Lionel Garbutt, rubani wao, aliyehamia Tasmania mara baada ya vita na hakuwahi kurudi mpaka siku hiyo. Nikashika ukingo wa meza. Ripoti iliyomwondoa Edwin kikosini ilikuwa na saini ya Garbutt.

Alipita akisoma vikadi vilivyo mbele ya sahani. Kwenye kadi ya Edwin akasimama.

"Nani kaiweka hii?"

"Mimi. Mjane wake."

"Samahani, Bwana Garbutt," Bwana Leake akadakia, "ni kosa la jikoni. Inaondolewa."

"Kosa?" Garbutt akavuta kiti, akaketi mbele ya lile yai. "Mara ishirini na nane nilimwambia huyu mtu, Maltby, usiporudi yai lako langu. Mchoyo yule! Kila mara akarudi akalila."

Wazee wakacheka. Kisha Garbutt akaacha kucheka.

"Mimi ndiye niliyesaini," akasema. "Waliniletea karatasi, nikasaini, nikaenda kulala. Bi. Maltby, nataka kukuomba..."

"Msamaha wako nitausikiliza kesho, ukija nyumbani kunywa chai," nikamwambia. "Leo nataka jina lisomwe. Ulisaini kwa mkono, leo soma kwa mdomo."

"Kamati haijaidhinisha," akasema Bwana Leake.

Mzee Percy Dowse, aliye kwenye kiti cha magurudumu, akaisukuma sahani yake mbali. "Cuthbert, kama Maltby hasomwi, na mimi nikifa msinisome. Na hili yai silili."

"Percy, acha utoto."

"Mimi pia silili," akasema wa pili. Wa tatu naye akaisukuma yake. Mayai yakabaki yanapoa, meza nzima, mbele ya watu waliokuwa tayari kupigania yai ujanani.

Bwana Leake alitazama saa, akasema padri anasubiri.

Kanisani alisimama mbele akasoma majina matatu, taratibu, kwa sauti yake nzuri. Akaikunja karatasi, akaniangalia nyuma, mlangoni. Kamba ya kengele ni yangu tangu mpigaji wa zamani alipokufa. Majina yakiisha, napiga mara moja kwa kila jina.

Sikuivuta.

Akanikonyeza. Nikamtazama tu, mikono kwenye kamba. Padri akakohoa. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mbona haipigwi?" 

Garbutt akainuka. Ilimchukua muda, magoti yake ni mabovu.

"Sajini Edwin Maltby," akasema. "Mpiga bunduki wa mkiani. Safari ishirini na nane."

Percy akagonga sakafu kwa fimbo. Nikavuta kamba mara nne.

Bwana Leake alitoka bila kuniaga, na mpaka leo hanisalimii vizuri. Sawa.

Mayai ya marehemu huenda kwa kuku wa Mavis. Niliporudi jikoni alikuwa ameshatupa matatu kwenye ndoo na ameshika sahani ya nne.

"Hilo lete," nikasema.

Nikalitia chumvi, nikalila nimesimama, limepoa kabisa. Hakurudi, kwa hiyo lilikuwa langu.