Majani ya Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa na mdomo usio na breki. Kila mgeni alisimuliwa jinsi majani ya uani yalivyomshushia presha, na jinsi mke wa mwanawe, nesi mzima, alivyokuwa mtumwa wa vidonge.

Tangu mama mkwe akatae vidonge, nesi ndiye aliyevisaga na kuvikorogea kwa siri kwenye uji wa mkwewe wa asubuhi.

Siku alipoambiwa mbele ya majirani, "Mwanangu, aliyekusomesha alitupa hela," uvumilivu ulimwisha.

"Basi mama, tuyapime hayo majani," akajibu kwa adabu. Akaleta mashine ya kupimia presha, akasisitiza kuyachemsha mwenyewe, asije mtu akasema kipimo kimechakachuliwa. Kesho yake uji ukawa uji mtupu.

Presha ikapanda. Nesi aliisoma huku akitabasamu kimoyomoyo, akisubiri ifike mahali pa kumfunga mtu mdomo. Ikafika. Mama mkwe alianguka jikoni, akarudi kutoka hospitali mdomo umekwenda upande, neno halimtoki.

Mume wa nesi alivitupa chooni vidonge walivyopewa hospitali.

"Miaka yote majani yalimsaidia mama," alimwambia mkewe. "Umeyashika wewe, ndiyo haya. Uliyatia nini?"

Nesi aliisuuza sufuria ya uji.

"Sasa nitachemsha mimi," mume akasema, na yalipochemka akachota kijiko cha kwanza. "Wewe mshike kidevu."

Nesi akakishika.